Samaki wa Euro Nne

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi bahari. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu uwanja wa ndege wa Hamburg, tukisubiri ndege ya kwenda Krete. Yeye alikuwa ameinamia simu, anajifunza maneno ya Kigiriki. Nikamwambia asijisumbue. Bahari ni bahari, mvuvi ni mvuvi, na samaki akishapakwa ndimu na chumvi hana kabila.

Hakunijibu. Mke wangu ni muuguzi, alikuwa ametoka kwenye zamu za usiku za wiki tatu, na alichotaka ni kimoja tu: mahali pasipo na honi. Akapapata. Kijiji kinaitwa Loutro, kiko pwani ya kusini ya kisiwa, na barabara ya gari haifiki. Unakwenda kwa boti au kwa miguu yako.

Lakini kabla ya boti kuna basi. Kutoka Chania basi linapanda Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu kinapita mita 2,400, halafu linateremka upande wa pili kuelekea Chora Sfakion. Nilishapita barabara ya Lushoto nikadhani kona nimezimaliza. Dereva yule alikuwa anazikata kwa mkono mmoja, mkono wa pili unamweleza abiria wa mbele jambo refu. Mke wangu kando yangu akawa ananisomea simu yake: "Baba, sikia hii, ‘ndiyo’ yao inatamkwa..." Sikusikia inatamkwaje. Nilikuwa nimekumbatia kiti cha mbele, nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, hadi ile ya kuingia chooni, maana nyingine zilishaniishia.

Kutoka Chora Sfakion ni mwendo wa kama dakika ishirini kwa feri, na ghafla hicho hapo: safu ya nyumba nyeupe zenye milango ya buluu imeikumbatia ghuba, mlima umesimama nyuma kama ukuta, maji meupe mpaka unaona kivuli cha boti kimelala chini mchangani. Mke wangu akasoma kwamba ndiyo ile Foinike ya Matendo ya Mitume. Merikebu iliyomchukua Paulo ilitaka kujisitiri hapa wakati wa baridi, upepo ukaikamata, ikaenda kuvunjikia Malta. Nikasema masikini, alikosa mahali pazuri. Jioni ile ile nilimwonea wivu.

Tulishuka saa tisa alasiri. Ugiriki saa hizo watu wamelala, na wakati wa joto ni sheria kabisa: kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu hakuna kelele. Tulikuwa katikati ya Oktoba, lakini kijiji hakikuwa na habari na kalenda. Kimya mpaka unasikia paka akijilamba. Nikaliburuta sanduku hatua tano juu ya mawe, magurudumu yakanguruma kama behewa la mkonge. Dirisha moja likafunguka, likafungwa kwa nguvu. Ikabidi nilitwike kichwani. Kilo ishirini na tatu, ndivyo nilivyoingia Ulaya ya mapumziko, kama naelekea gulioni.

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa bibi mmoja mwenye gauni jeusi. Aliponiona tu akanipungia mkono: "Ela! Ela!"

Nikasimama. "Mama, umesikia? Hata salamu hawana. Hela kwanza."

Nikashusha sanduku, nikatoa euro ishirini, nikamnyooshea. Bibi akaziangalia, akacheka, akanisukumia mkono, akanyakua sanduku na kuingia nalo ndani. Nikaona huyu ni mtu mzuri, ameona hali yetu akasamehe. Ndani nikamuuliza kama kuna intaneti. Akainua nyusi, akarusha kidevu juu, akatoa sauti ya ulimi: "Ntsa!"

"Nimesonywa," nikamwambia mke wangu.

"Amesema hakuna."

"Hajasema kitu! Kanisonya. Bibi mzima, sijamkosea lolote."

"Baba, kaoge."

Jioni tukateremka kula. Kuna mkahawa umekaa maji yanakoishia, pweza wameanikwa kwenye kamba kama fulana za wachezaji baada ya mechi. Hapo nikajisikia nyumbani. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mikono mipana, masharubu ya kizamani. Akavuta droo yenye barafu, samaki wamepangwa ndani. Mmoja kama changu hivi, jicho linang'aa. Nikambinya ubavuni kwa kidole kama mama yangu alivyonifundisha, nyama ikarudi. Nikauliza kwa Kiingereza: huyu ni wa leo?

Mzee akasema, "Ne."

Nikageuka kwa mke wangu. "Nne!"

"Nne nini?"

"Bei! Euro nne."

Nikamrudia mzee: "Nne?"

"Ne, ne," akajibu, anatikisa kichwa kwa furaha.

Kwa Kiswahili fasaha! Nilitafuta maelezo na nikayapata palepale, kwa sababu mimi maelezo huwa siyakosi. Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge kwetu enzi za mkoloni. Lazima baba yake mzee huyu, au mjomba, alikaa Tanga. Hesabu za Kiswahili zimebaki kwenye ukoo. Nikamsimulia mke wangu haya yote. Akaniuliza, "Una uhakika?" Mwanamume wa Tanga hapendi swali hilo. Nikamwinulia mzee vidole vinne, kidole gumba nimekikunja, ili mambo yawe wazi.

Mzee akaviangalia vile vidole. Akamwangalia mke wangu, akaniangalia mimi, akachungulia nyuma yetu kama anatafuta watu. Kisha akasema "Ne, ne," akamrudisha yule changu kwenye barafu, akatoa mwingine mkubwa zaidi, akampeleka kwenye mizani. Nikasema moyoni: ona ukarimu, bei ile ile na kaongeza samaki.

Akaja kutandika meza. Sahani nne.

"Mbona nne?" mke wangu akauliza.

"Desturi yao," nikasema. "Sahani ya samaki na sahani ya miiba."

Samaki alikuja ameokwa kwa mkaa, amepasuliwa katikati, mafuta ya zeituni na limau vinatiririka. Kando saladi ya nyanya na jibini, mboga za majani zilizochemshwa, mkate. Nisimseme vibaya: sijala samaki kama yule tangu niondoke nyumbani. Tulikula mpaka tukaanza kutembeleana sahani, tumalize zote nne. Mwisho mzee akaleta zabibu na kichupa kidogo cha maji. Nikamimina nikakifikisha mdomoni. Mke wangu akanusa, akakichukua mkononi mwangu, akakiweka mbali. Ilikuwa raki. Krete wanakupa bure baada ya chakula, na sisi si watu wa vileo. Namshukuru, maana yaliyofuata nikiwa na raki kichwani ningekuwa bado niko jela.

Bili ikaja. Euro 118.

Nikamwita mzee kwa upole. Nikamwonesha karatasi, nikatikisa kichwa. "Nne," nikasema.

"Ne," akakubali.

"Ahaa! Kwa hiyo nne."

"Ne." Akaigonga karatasi kwa kidole: 118.

Tulikwenda hivyo mara tano au sita. Kila nikisema nne, anakubali. Kila akikubali, anaonesha 118. Sijawahi kubishana na mtu anayekubaliana nami kiasi kile. Watalii wa meza mbili za pembeni wakaacha kula. Mke wangu akaanza kukunja kitambaa chake taratibu, ishara ninayoifahamu.

Nikasema yaishe. Mimi si mchoyo, mzee kachoma mkaa, ametandika sahani nne, tumwongezee. "Basi, tano!" Nikaunyoosha mkono wangu wa kulia mbele ya uso wake, kiganja kizima, vidole vitano vimetanuka vizuri asije akahesabu vibaya. "TANO!"

Uma ulianguka mahali. Mzee akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu, kama kipimajoto. Akasema maneno manne au matano ambayo hayakuwa hesabu. Halafu akageuka, akaingia jikoni.

Sasa, kwetu mtu mwenye hasira akiingia jikoni humsubiri uone anatoka na nini. Nikamwambia mke wangu, "Mama, nakwenda kuleta pesa chumbani," nikainuka. Nilianza kwa kutembea. Kufika kona nilikuwa nimeshavua kandambili.

Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Loutro hawasemi. Feri ya mwisho ilishaondoka, barabara hakuna, mbele bahari, nyuma mlima. Kuna njia ya miguu inayopanda nyuma ya nyumba, ikabidi niifuate mpaka nikakutana na kundi la mbuzi wenye kengele shingoni. Nikachuchumaa katikati yao. Mbuzi mmoja akanitazama kwa muda, akaanza kula ukingo wa shati langu. Sikumzuia, angepiga kengele.

Ndipo nikasikia kutoka chini: "Ela! Elaaa!"

Mzee anapanda. Giza lilikuwa linaingia, lakini nilimwona: mkono mmoja ameuinua juu, ameshika kitu cheusi. Jembamba. Kisu, nikasema, au bunduki ndogo. "Ela! Ela!"

"Sina hela!" nikapiga kelele, nikasimama katikati ya mbuzi. Na kumthibitishia kwamba sina, nikainua mikono yote miwili, viganja vyote viwili wazi, nikamsukumia hewani. "Sina! Angalia! SINA!"

Mzee akasimama kama amegonga kioo. Akakitazama kile kitu alichokishika. Akakirusha chini, akageuka, akateremka huku akiongea na Mungu wake.

Nilipokifuata kile kitu nikakuta ni pochi yangu. Nilikuwa nimeisahau mezani. Euro zote zilikuwemo.

Mke wangu alirudi chumbani saa tatu usiku. Nilikuwa nimelala, yaani nimejifunika shuka mpaka kichwani.

"Wewe mwanamume," akasema, "umeniacha rehani kwa ajili ya samaki."

Alikuwa amelipa kwa kadi. Mjukuu wa mzee alikuwa ameamka, kijana aliyewahi kufanya kazi Ujerumani, wakaelewana kwa Kijerumani. Mke wangu alijaribu kunieleza akiwa amekasirika, akashindwa, ikabidi akae chini kwanza acheke. "Ne" ni ndiyo. "Ela" ni njoo. Samaki anauzwa kwa kilo, na mzee alichagua wa watu wanne kwa sababu mimi nilisema tuko wanne. Aliwasubiri wageni wetu wawili mpaka akakata tamaa. Na ule mkono niliompa usoni unaitwa moutza, tusi ambalo Mgiriki halipokei hata kutoka kwa ndugu yake. Wanasema asili yake ni enzi za Bizanti, mhalifu alipokuwa akizungushwa mjini na kupakwa majivu usoni kwa kiganja. Ukitaka kuhesabu tano kwao, kiganja unajigeuzia mwenyewe.

"Na mikono miwili?" nikauliza kutoka ndani ya shuka.

"Miwili ni mara mbili. Masikini mtoto wa watu, Ugiriki nzima hakuna aliyewahi kutukanwa hivyo na mtu aliyemrudishia pochi."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Kwenye basi."

"Kwenye basi nilikuwa nazungumza na Mungu."

Asubuhi nikatumwa kuomba radhi. Nilishuka mikono yote nimeitia mfukoni, mpaka viwiko vinauma. Mzee alikuwa kwenye mwamba kando ya maji, amemshika pweza mbichi kichwani, anampigiza jiweni. Paa! Paa! Sauti ile ile ya kwetu, wavuvi wakirudi. Akaniona. Akaiangalia mifuko yangu kwa makini sana, mmoja, kisha wa pili. Mimi nikamwonesha pweza kwa kidevu, nikajishtua nikakumbuka yule bibi, nikakirudisha kidevu chini haraka.

Mzee akapumua kwa pua.

"Ela," akasema.

Nikaenda. Akanikabidhi pweza, anateleza, mikia yake inanishika kiwiko. Nikampigiza nikihesabu kwa sauti, kama tulivyofanya utotoni: moja, mbili, tatu, nne...

"Ne!" mzee akaitikia.

Tano niliitamka pweza nimemng'ang'ania kwa mikono yote miwili, vidole nimevifumba.