Ukimwambia GP "nina wasiwasi", usishangae ukirudi bila kipimo

Mswahili akisema "nina wasiwasi na moyo wangu", maana yake moyo unamtia shaka. Hajasema ana maradhi ya akili. Huenda shida ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni. Lakini sentensi hiyo ikipitia kwa mkalimani wa simu, au tukiitafsiri wenyewe kichwani, inamfikia GP, yaani daktari wa kwanza kumwona Uingereza, ikiwa tayari ni jina la ugonjwa. Miadi ni dakika 10, na zilizobaki zote zinaelekea huko. "Mawazo" nalo ni hivyo hivyo: linaingia mawazo, linatoka sonona.

Unapewa fomu ya GAD-7, ya kupima wasiwasi. Maswali 7, kila moja alama 0 hadi 3, kuhusu wiki mbili zilizopita. Matatu kati yake yanauliza kama unashindwa kutulia, kama unahangaika hadi kukaa kitini ni shida, na kama unakasirika upesi. Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi inamwaga homoni kupita kiasi anaweza kujibu "karibu kila siku" kwa yote matatu. Hizo ni alama 9, na 10 huhesabiwa wasiwasi wa wastani. Fomu haiulizi kama suruali imeanza kuteleza kiunoni huku unamaliza sahani mbili za ugali.

Baada ya hapo huenda ukaandikiwa propranolol. Moyo unatulia, mikono inaacha kutetemeka, na kila mtu anaona jibu limepatikana. Ila dawa hiyo hiyo ndiyo hupewa mgonjwa wa tezi kupunguza dalili akisubiri matibabu yenyewe ya tezi. Kupata nafuu hakujathibitisha chochote.

Sisemi nyumbani tuna afadhali ya kusikilizwa. Kule utaambiwa ni presha, ni mawazo, punguza kahawa. Mtaani watasema majini, na ukikonda watanong'ona mengine. Tofauti ni mlango wa maabara. Dar au Nairobi unaingia maabara binafsi kwa miguu yako, unalipa, unatolewa damu, unaondoka na karatasi yenye namba. Uingereza kipimo ni bure na mashine ni nzuri, lakini ufunguo anao GP. Kwa maoni yangu, huku tatizo ni kukipata kipimo, kule tatizo ni kununua kipimo kisicho sahihi na kukosa wa kukusomea.

Kwa mfano, ukiuziwa kifurushi cha "T3, T4, TSH" (T3 na T4 ni homoni za tezi yenyewe; TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari kichwani na ndiyo inayoiamrisha), uliza kama hiyo T4 ni ya jumla au ni FT4, yaani ile iliyo huru, isiyoshikamana na protini za damu. Ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha T4 ya jumla hata kama tezi ni nzima. Na ukiona TSH inapimwa kwa kaseti ya mistari kama ya malaria, ujue aina hiyo kwa kawaida imetengenezwa kuonyesha TSH iliyozidi 5, yaani tezi iliyolegea. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Kaseti itasema "hasi", nawe utaambiwa uko salama.

Huku maabara huanza na TSH peke yake. Kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4, kikitofautiana kidogo kati ya maabara na maabara. Ikiwa juu, wanaongeza FT4 kwenye sampuli ile ile. Ikiwa chini, FT4 na FT3. Utaratibu huo unawatosha wengi. Unakwama pale tatizo liko kwenye tezi ya pituitari kichwani, kwa sababu hapo TSH inaweza kusomeka kawaida huku FT4 iko chini. Mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi, aombe TSH na FT4 kwa pamoja, na aseme sababu.

Sasa, cha kumwambia GP. Acha neno wasiwasi, peleka namba. Kwa siku 7, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu mapigo kwa sekunde 60. Moyo wa mwenye wasiwasi kwa kawaida hupumzika naye akilala, tezi hailali. Ukikuta 95 kila alfajiri, andika. Andika kilo na tarehe. Nyoosha mikono, tandaza karatasi juu ya vidole: mtetemo mdogo usioonekana kwa macho utaonekana ukingoni mwa karatasi. Viganja vya moto vyenye unyevu vinaelekeza kwenye tezi; vya baridi vyenye jasho, zaidi kwenye hofu.

Kisha taja mwongozo wa NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa huku miongozo: NG145 wa mwaka 2019. Unawataka madaktari wafikirie kupima thairoidi kwa mtu mwenye sonona au wasiwasi usio na sababu inayojulikana. "Wafikirie" si "lazima", lakini ni vigumu kulipuuza mbele ya mgonjwa aliyeshika daftari. Akikataa, omba aandike kwenye faili kwamba uliomba na kwa nini amekataa.

Ukisema mama alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, fafanua. Rovu la Iringa au Mbeya la enzi za chumvi isiyo na madini joto ni habari moja. Mama aliyemeza vidonge vya tezi kila siku ni nyingine, na hiyo ya pili ndiyo inayomwamsha daktari.

Vidonge vya nywele na kucha viache angalau siku 2 kabla ya damu. Vingi vina biotini miligramu 5 au 10, na kwenye baadhi ya mashine hiyo hushusha TSH na kupandisha FT4 kwa uongo, ukaonekana mgonjwa wa tezi kumbe ni vidonge.

Dada wa mapokezi akikuambia "kawaida", omba namba, au zitazame kwenye programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya serikali. TSH ya 6 na FT4 nzuri hurudiwa baada ya miezi 3, pamoja na antibodi za TPO, zinazoonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi.

Na ukija na karatasi ya nyumbani, namba ya TSH iache kama ilivyo, lakini FT4 ya ng/dL izidishe kwa 12.87 kupata pmol/L ya huku. Huenda GP akasema haijui maabara hiyo, bora damu ichukuliwe upya. Usibishane naye.