Shemeji Chini ya Kitanda

Ukiishi Morogoro, wageni hawakuulizi tena habari za milima ya Uluguru. Wanakuuliza panya. Ni haki yao. Hapa, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akafanya kazi mpaka shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu mwaka 2020. Panya! Mimi na diploma yangu sijawahi kuvishwa hata skafu.

Kwa hiyo mkulima mmoja wa Bigwa aliponiambia amenasa panya buku shambani kwake, dume zima, nilisikia medali ikigonga kifuani. Nikampa elfu kumi. Akaniangalia kwa huruma, akanirudishia elfu tano.

Nikamleta nyumbani ndani ya banda la sungura lililofunikwa gunia. Jirani yangu wa chumba cha pili, fundi pikipiki, akauliza nimebeba nini.

“Shemeji yako,” nikamjibu, nikaingia ndani.

Jina likaganda hapo hapo.

Sasa, wale wa chuoni huzaliwa kituoni. Hushikwashikwa na watu tangu wanafumbua macho, wakazoeshwa kelele za magari na redio, ndipo masomo yanaanza: mkufunzi anabonyeza kidude, tik, panya anapewa ndizi. Tik, ndizi. Tik, ndizi. Baadaye panya akisikia tik anajua riziki imeshuka. Shemeji hakupitia chekechea hiyo. Alikuwa mtu mzima mwenye msimamo wake, zaidi ya kilo moja, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, na meno ambayo nisingependa kuyaeleza wakati watu wanakula. Nikisogea, anatuna. Nikiingiza mkono, anaruka kwa namna ambayo mkono unajitoa wenyewe bila kuniuliza.

Niliazima glavu za fundi wa kuchomelea. Akazila kidole cha shahada.

Nikasikia kwamba panya aliyekomaa hushindwi kumzoesha, ila usimlazimishe: mwekee nguo uliyoivaa ili azoee harufu yako, kaa karibu kimya, mpe chakula kwa mkono, ngoja aje mwenyewe. Nikamwekea fulana yangu ya Simba. Kufika asubuhi kaitatua vipande vyembamba, kajitandikia. Fundi, ambaye ni Yanga damu, alikuja kumwangalia akasema huyo panya ana akili sana, asome mpaka chuo kikuu.

Usiku ndio ulikuwa muda wetu wa kazi, maana panya buku mchana hulala. Taa nikizima nusu, nakaa chini na bakuli la ndizi na peni ya kubonyeza, kwa kuwa kile kidude cha wakufunzi sikuwa nacho. Tik, ndizi. Nambembeleza: “Shemeji, sogea basi. Shemeji, usiniume leo. Shemeji, kula taratibu, hakuna anayekufukuza.” Zile nyumba zetu za kupanga mnazijua. Ukuta umejengwa kwa ajili ya kuzuia upepo, maneno yanapita.

Maendeleo yakaja, lakini ya upande mmoja. Shemeji aliipenda ile tik. Aliipenda kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Akiisikia tu anatoka, anachukua ndizi vidoleni kwa adabu, anaisukumiza shavuni, anarudi. Maana mashavu ya panya buku ni mifuko. Hali pale, anabeba akahifadhi. Nikijaribu kumgusa mgongo, undugu umeisha. Siku moja nikakuta sakafu ya banda, ambayo ni ya mbao, ina tundu la kupita mtu mnene, na Shemeji kahamia chini ya kitanda na mali zake zote. Mlangoni nilikuwa nimeziba kwa matambara, lakini sidhani kama alihangaika kutoka. Bigwa kuna mitego. Huku kuna ndizi za soko la Kingalu.

Hali ilikuwa hivyo mama mwenye nyumba alipogonga, baada ya magharibi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kodi ya miezi sita imeiva.” Akaingia bila kukaribishwa, macho yakizunguka chumba kizima. “Na tulikubaliana chumba ni cha mtu mmoja. Wenzio wananiambia usiku unabembeleza mtu humu.”

“Mama, naishi peke yangu.”

“Shemeji ni nani?”

Nikameza mate. Nikaona njia fupi ni pesa. Nikatoa kopo la karanga, ambamo huweka kodi kwa sababu wezi hawapendi karanga, nikamkabidhi wekundu wa Msimbazi thelathini, zile noti za elfu kumi. Mama akakaa kitandani, akahesabu kwa kulamba kidole, kila laki akaikunja peke yake na kuiweka juu ya stuli. Laki tatu kamili, zinanukia karanga chumba kizima. Akaridhika. Akafungua kitabu cha risiti, akachomoa peni kwenye mkoba.

Peni ya kubonyeza.

Nilinyoosha mkono. Nilisema “Mama, usi—”

Tik.

Shemeji alitoka katikati ya miguu yake kama mtumishi aliyeitwa. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akashika pindo la dera, akanyoosha pua kuelekea ile peni, anasubiri haki yake. Ndizi haikuja. Mama alikuwa amenyamaza kabisa, nadhani roho ilikuwa imetoka kidogo kwenda kuvuta hewa. Vidole vikamkaza juu ya peni: tik, tik, tik. Ndizi tatu, kwa hesabu ya Shemeji, na hakuna hata moja. Akageuka, akanusa stuli, akakuta kinachonukia karanga. Laki moja ikaingia shavuni. Akaisukuma kwa mkono mmoja ikae vizuri, akarudi chini ya kitanda.

Roho ya mama ilirudi na sauti yake yote.

“HELA YANGU!”

Sikutegemea. Nilidhani atakimbia. Alifunga khanga kiunoni, akalala kifudifudi sakafuni, akanivuta nilale pembeni yake nimulike kwa simu. Ghala la Shemeji lilikuwa kwenye kona, juu ya mabaki ya fulana ya Simba. Alikuwa ameketi, mikono miwili nyuma ya mashavu, anakamua kuelekea mbele, na vitu vinatoka kimoja kimoja: karanga, kizibo cha soda, kifungo cha shati langu la harusini, kipande cha ndizi cheusi, halafu laki moja, imelowa.

Fundi alifungua mlango wakati huo, kavutwa na kelele. Akaona miguu minne imetoka chini ya kitanda, ya kwangu na ya mama mwenye nyumba.

“Samahanini,” akasema, akafunga.

“Rudi hapa!” mama akafoka. “Lete fagio!”

Fagio halikufaa, Shemeji alilitafuna. Ilibidi mimi niende upande wa pili na ndizi, mama abonyeze peni, na fundi avute noti kwa waya wa breki. Mama alibonyeza vizuri sana. Kwa kweli ana mkono wa kazi hiyo kunizidi. Noti zikatoka kumi zote, moja haina pembe.

Akazianika juu ya banda tupu, akaketi, akaomba peni nyingine isiyobonyezwa. Risiti ninayo mpaka leo: “Nimepokea laki tatu kasoro pembe. Wapangaji: wawili.”

“Mama, huyu ni panya.”

“Anakunywa maji?”

“Anakunywa.”

“Bili ya maji humu tunagawana kwa vichwa.”

Fundi akaunga mkono palepale, akataka ihesabiwe na ya mwezi uliopita.