Nimelipwa Kuiga Uzembe

Wiki mbili zilizopita nilitumia Jumanne nzima, tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, kupaka rangi vibaya kwa makusudi. Nimelala chali chini ya Corvette ya 1965, gari la michezo la Marekani, napulizia rangi nyeusi ovyo ovyo pale ambapo kijana fulani wa kiwandani St. Louis, miaka sitini iliyopita, alikuwa na haraka ya kwenda kula. Nilipomaliza nikachukua krayoni nikaandika tarakimu kwenye chesisi, kwa mwandiko wa mtu ambaye hata hajali. Bosi akaja, akainama na tochi. Akasema safi, ila hiyo mbili umeiandika vizuri mno, ifute urudie.

Nikarudia. Nina watoto wanasoma.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua ninapofanyia kazi, gereji ya kurudisha Corvette za zamani kwenye hali ya kiwandani, hapa hapa Bowling Green, Kentucky, mji ambao Corvette zinaundwa tangu 1981. Mnajua pia kwamba faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, nilijifunzia Tanga, pale Deep Sea, kwenye boti, sikusomea chuo chochote. Corvette imevaa bodi ya faiba tangu zile 300 za mwanzo za 1953, zote nyeupe, zote viti vyekundu, kwa hiyo mkono uliozoea kuziba boti haukupata shida kuhama. Resini ni ile ile na muwasho ni ule ule.

Sasa hizo tarakimu za krayoni zilikuwa na kazi yake. Bodi ilipokalishwa juu ya chesisi haikukaa sawa, kila gari lilikuwa na upogo wake, kwa hiyo fundi alipima akaandika hapa weka vibati viwili, pale kimoja, kule vitatu. Ni noti ya fundi kwa fundi mwenzake. Leo majaji wa maonyesho ya magari ya zamani wanataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na wakisema kama lilivyotoka wanamaanisha na michirizi, na gundi iliyomwagika, na krayoni. Ukisafisha sana wanakukata alama. Kwa hiyo kuna wanaume wazima wanalipa maelfu ya dola ili gari lao liwe chafu kwa namna inayokubalika.

Hayo peke yake ningeyacheka nikaenda zangu. Kilichonikaa rohoni ni kazi niliyoifanya kabla ya hapo kwenye gari hilo hilo, kwa msasa.

Hilo gari lilikuwa la mbio. Hakuna aliyetuambia. Mzee mwenye gari alilinunua likiwa jekundu na karatasi zake hazikusema kitu. Lakini msasa hausikilizi karatasi. Chini ya nyekundu nikakuta nyeupe, chini ya nyeupe ile bluu ya kiwandani iitwayo Nassau, na katikati ya nyeupe, kwenye mlango wa kushoto, duara kubwa na ndani yake namba 6 iliyopakwa kwa brashi. Nyuma ya viti, chini ya kapeti, matundu ya bolti yaliyozibwa, pale walipofunga vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka. Matao ya magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekatwa na kutanuliwa ili tairi pana ziingie, yakajengwa upya kwa mkeka wa faiba na resini, kwa mkono.

Na mkono ule, jamani! Paneli za kiwandani zilikandamizwa kwenye kalibu, zina ulaini wake unaofanana kila mahali. Hii ilikuwa imelazwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka limepita nje ya lile la chini kidogo, kingo zimekonda mpaka zinapotea. Hivyo ndivyo unavyoziba boti ukitaka isirudi kwako wiki ijayo inavuja. Yule mtu simjui na sitamjua, lakini nilikaa na kipande chake mapajani kama robo saa, natafuta kosa. Sikuliona. Halafu nikawasha mashine nikakikata, maana mzee anataka matao ya kiwandani.

Kabla ya kukata nilimwendea mzee, kwa adabu zote, nikamwonyesha picha ya namba 6. Nilidhani atafurahi. Akauliza kitu kimoja tu: itaonekana chini ya rangi mpya?

Mwenzangu wa pale gereji, mtu wa Uvira, Kongo, aliniona nimenuna akaniambia, "Ndugu yangu, mwenye gari ni yeye. Wewe ni mukono tu." Ni kweli. Ndiyo maana naandika hapa badala ya kumjibu mzee kule.

Hesabu yangu ni rahisi. Gari lile lilikaa kiwandani siku chache. Uwanjani, kwa jinsi lilivyochakaa, lilikaa misimu. Kuna watu walikosa usingizi wakilifanyia kazi, kuna mtu alilipeleka kona kwa mwendo wa kutisha akiwa na ule mlango wa faiba tu kati yake na ukuta. Tumechukua maisha hayo yote tukayaita uharibifu, tukayafuta, tukaweka badala yake michirizi ya rangi ya kughushi na kuiita ukweli. Nani alisema siku ya kuzaliwa ndiyo siku pekee ya gari? Wenyewe wa zamani hawakuwa na ibada hii. Ile Corvette Sting Ray ya 1963 yenye kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati, ambayo leo watu wanaizunguka kama kaburi la walii, zamani kuna waliokata ule mgawanyo wakaweka kioo kizima cha 1964 ili waone nyuma. Zora Arkus-Duntov mwenyewe, injinia wa gari lile, hakuupenda.

Mtaniambia ni biashara, gari lililonyooka linauzika. Haya. Januari 2020, kule Kissimmee, Florida, iliuzwa ile Ford Mustang ya kijani aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ya 1968. Familia moja ilikuwa nayo tangu 1974, na mke wa nyumba hiyo alikuwa akiiendea kazini kufundisha. Haikupigwa rangi upya. Ililetwa mnadani na kutu yake na uchakavu wake, nyundo ikagonga dola milioni 3.4. Mzee wangu angeileta kwetu ing'arishwe.

Au aende tu makumbusho ya Corvette, ni dakika chache kwa gari. Tarehe 12 Februari 2014, alfajiri, sakafu ilitumbukia, maana mji huu umekaa juu ya mapango, na Corvette nane zikamezwa. Kwanza ilisemekana zote zitatengenezwa. Mwishowe zikatengenezwa tatu, tano zikaachwa zilivyotolewa shimoni, zimepondeka, zina udongo. Nimeshaona watu wakisimama mbele ya hizo tano muda mrefu kuliko mbele ya zinazong'aa. Watoto hasa.

Na hapa lazima nikubali, japo kwa shingo upande, kwamba kutengeneza si dhambi. Moja ya zile tatu ni ile nyeupe ya 1992, Corvette ya milioni moja. Walipoifungua wakakuta vipande vya ndani vina saini za wafanyakazi wa kiwanda. Hawakubeba vipya dukani. Walihangaika kuokoa vipande vile vile na saini zake. Hiyo kazi naivulia kofia. Nakubali pia kwamba chesisi iliyooza ni chesisi iliyooza, siwezi kumwambia mtu aendeshe historia breki zikiwa zimekufa. Deep Sea hakuna aliyewahi kuacha tundu kwenye boti kwa ajili ya kumbukumbu.

Lakini basi liendeshwe! Mwaka 1960 Briggs Cunningham, mwenye timu ya mbio, alipeleka Corvette Le Mans, zile mbio za saa ishirini na nne kule Ufaransa, na ile ya madereva John Fitch na Bob Grossman ilipochemka wakaijaza barafu kwenye injini ili ifike. Ikafika, ya nane kwa jumla na ya kwanza kwenye daraja lake. Ile Corvette ya 1967 yenye injini ya mbio, L88, zilitengenezwa 20 tu, waliinyima hata hita ili mtu wa kwendea sokoni asiichukue. Ilitengenezwa ikimbie. Moja iliuzwa dola milioni 3.85 mwaka 2014, na sitashangaa kama tangu hapo imesukumwa kwa mikono zaidi ya ilivyowashwa. Wapo wanaokimbiza bado, kwenye uwanja wa mbio wa Laguna Seca, California, kila Agosti utawakuta na magari ya thamani ya mtaa mzima, wanashuka ile kona ya Corkscrew, wanakwaruzana, wanarudi kutengeneza. Hao ni matajiri vilevile, ila nikikutana nao nawapa mkono.

Mzee alikuja kuchukua gari lake Ijumaa. Alikuja na tela lililofungwa pande zote, lina kiyoyozi. Tukalisukuma gari ndani injini ikiwa imezimwa, maana hataki moshi upake ekzosi. Akaridhika sana na krayoni. Kwenye bili bosi amezipa tarakimu hizo mstari wake, wa nne kutoka chini: alama za chesisi, kazi ya saa mbili na nusu.

Jumatatu inaingia nyingine, ya 1966. Nimeshainua kapeti. Kuna matundu manne.