Kabla ya kununua choo cha boti, tembea kwanza ufukweni

Wiki iliyopita mwenzangu wa mwalo wa Kasenyi, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, alinifuata akiwa na picha kwenye simu. Amenunua boti la abiria na anataka kulitia choo: bakuli jeupe, pampu ya mkono, tangi chini ya kiti cha nyuma. Akaniomba nimwambie kama bei aliyotajiwa ni ya haki. Nikamuuliza tangi likijaa atalimwaga wapi. Alinyamaza, kisha akageuka kutazama maji.

Namwelewa, maana nilipita njia hiyo hiyo. Boti langu la kwanza nililinunua likiwa na choo cha pampu na tangi la lita 80, nikajiona nimemaliza. Choo cha aina ile hupiga maji ya ziwa ndani ya bakuli, na kila mtu akikitumia zinaingia tangini lita tatu hivi. Chukua abiria 14 wanaokwenda visiwa vya Ssese na kurudi, kila mmoja aingie mara moja kwenda na mara moja kurudi: hizo ni lita 84. Tangi limejaa kwa siku moja. Gari la kunyonya vyoo haliji mwaloni kwa ajili ya lita 80, na lingekuja lisingefika kwenye maji. Mwezi ukapita, tangi halijai. Nilipomuuliza nahodha wangu, alinijibu bila kuficha: anafungua valvu ya chini usiku, wakati wa kurudi. "Bosi, ulitaka nipeleke wapi?" Sikumkaripia. Nilikuwa nimempa nusu ya choo. Nusu nyingine, ile ya nchi kavu, sikuinunua wala sikuiwaza.

Wapo watakaosema Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, ni kubwa, litameza. Ni kubwa kweli, kilomita za mraba karibu 68,800, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, na boti zetu hazimwagi katikati. Zinamwaga karibu na ghuba, mahali mama wa kisiwani anapochota jerikeni la kupikia. Maji mengi ya bomba ya Kampala yenyewe huvutwa Ggaba, kwenye ghuba ile ile unakomwaga mfereji wa Nakivubo, unaobeba maji machafu ya jiji. Halafu kuna kichocho. Kichocho cha ziwa letu ni kile cha matumbo: mayai yake hutoka na kinyesi, yakifika majini yanaangua, vijidudu vinaingia kwenye konokono, na kutoka kwa konokono vinapenya ngozi ya mtoto anayeogelea. Kila kinyesi kinachozuiwa kisifike majini kinakata mnyororo huo.

Mwendeshaji mmoja aliwahi kunitajia sheria ya kimataifa ya meli, kwamba ukiwa umbali wa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani unaruhusiwa kumwaga maji machafu yasiyosafishwa. Ni kweli, ukiwa kwenye mwendo. Lakini sheria ile imeandikwa kwa ajili ya bahari, ambako hakuna mtu anayechota maji ya chai. Kuileta hapa ni kutafuta kibali cha kufanya tulichokwisha kuamua kufanya.

Na wale wanaosema basi tuache vyoo kabisa, watu wajizuie? Hao hawajawauliza wanawake. Meli ya MV Kalangala yenyewe imekuwa ikichukua saa tatu na nusu hivi kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kule Ssese. Kwenye boti isiyo na choo mwanamume atageukia pembeni. Mwanamke hanywi maji tangu alfajiri, anakaa juani na kiu, na akiwa mjamzito au mgonjwa ni mateso. Kwangu mimi boti la abiria la safari ndefu lisilo na choo halijakamilika, hata liwe na injini mbili.

Nilichoweka sasa ni choo kikavu cha kutenganisha. Watu wa Kabale na Kisoro wanavijua vya nyumbani, wanaviita ekosani. Mbele mkojo unaingia kwenye jerikeni la lita 20; nyuma kinyesi kinaanguka kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila mtu akimaliza anamwaga kopo la majivu au maranda. Hakuna maji, hakuna pampu, hakuna tundu kwenye sakafu ya boti. Abiria wale wale 14, kwenda na kurudi, hunijazia lita nane au tisa za mkojo. Kijana mmoja anazibeba kwa mkono mmoja. Mkojo unakwenda kwenye choo cha shimo nilichokodisha nyuma ya maduka, na ndoo pia. Usiimwage shambani eti kwa kuwa imekauka. Mayai ya minyoo huishi muda mrefu. Vitambaa vya hedhi na nepi vina kikapu chake, na tangazo la Kiganda na Kiswahili liko ukutani, kwa sababu mgeni asipoelekezwa atamwaga maji kwenye ndoo na harufu itaanza siku hiyo hiyo.

Kama chombo chako ni kikubwa na lazima kiwe na tangi, basi liwe la plastiki nene. Mkojo hula aluminiamu, na hata chuma kisichoshika kutu huoza kwenye maungio. Bomba la kupumulia liwe pana na lisizibe, kwani tangi lisilopata hewa ndilo linalonuka mayai yaliyooza. Harufu ikikushinda, lowesha kitambaa kwa maji moto, futa nacho mpira unaopitisha uchafu wa choo, kisha kinuse: kikinuka, mpira umeshapenyeza na dawa haitausaidia. Mpira wa kuingiza maji upandishwe juu ya usawa wa ziwa na uwekewe valvu ya hewa inayozuia maji kujivuta yenyewe, la sivyo choo kitajaza boti usiku mmelala. Na lita 200 ni kilo 200. Zihesabu kama abiria watatu, uziweke katikati na chini.

Mwenzangu yule hajaamua bado. Nimempendekezea jambo jingine: wenye boti za abiria hapa mwaloni tuchange, tujenge tangi moja la zege juu, mahali ambapo gari la kunyonya linafika, lenye mdomo wa kumwagia na bomba la kunawa mikono. Likijaa, gari moja liunyonye uchafu na kuupeleka kwenye mtambo wa kusafisha maji machafu, kwa gharama ya wote. Fungu langu nimeshalitenga. Jumapili, baada ya boti za asubuhi kuondoka, tunakwenda kuangalia kiwanja.