Mpira ni wa duara, mbona kwenye picha zetu unakuwa kama sahani?

Kila nikipita kwenye status za watu wanaouza vifaa vya michezo naona picha ileile, njumu katikati ya fremu, zimewekwa juu ya tailizi, flashi imewaka mpaka ngozi huioni, halafu mtu analalamika wateja wanauliza bei kisha wanapotea. Shida sio simu jamani. Simu za siku hizi zinapiga vizuri tu, tatizo tunapiga kifaa cha mchezo kama vile tunapiga picha ya pasipoti.

Juzi dogo mmoja anayeuza viatu vya mtumba soko la Karume akaniambia, "Kaka, hii pea ni kali ila imekaa wiki tatu, nipigie picha." Nikamwambia asubiri jioni. Kwa Dar hapa jua la saa saba liko utosini, kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe, na bila kivuli cha ubavuni mpira unabaki sahani na kiatu kinakuwa bapa. Saa kumi na moja na nusu tukaenda kiwanja cha mtaani, nikalala kifudifudi kwenye vumbi, simu nikaigeuza juu chini ili lenzi iwe karibu kabisa na ardhi. Kiatu kimoja nikakisimamisha, kingine nikakilaza soli ikitazama kamera. Jua linakuja kutoka kushoto, kila jino la soli lina kivuli chake, nyuzi za mshono unaweza kuzihesabu, na nyuma kwa mbali goli la miti limefifia. Hapo unaona kiatu cha mpira, sio bidhaa ya kabatini.

Halafu kuna hii sheria ya theluthi, kila anayefundisha picha anaanza nayo, washa gridi, ile mistari inayoigawa skrini mara tatu kwa wima na kwa mlalo, weka kitu pale mistari inapokutana. Naikubali, ila kwenye mpira ina mtego wake. Lenzi pana ya simu inavuta vitu vya pembeni, ukisogea karibu ukauweka mpira kwenye kona unatoka kama yai. Rudi nyuma hatua mbili tatu, zumu mara mbili, ndo uuweke pembeni, na ile nafasi tupu iache upande ambao mpira ungeelekea ukipigwa.

Na rangi pia watu wanaisahau sana. Telstar, mpira wa Kombe la Dunia 1970 kule Mexico, ulikuwa na vipande 32, vyeupe 20 vyeusi 12, makusudi ili watu wauone vizuri kwenye TV za nyeusi na nyeupe. Yani jicho la mtazamaji lilifikiriwa tangu mpira unatengenezwa, sisi leo tunapiga mpira mweupe kwenye ukuta mweupe! Glovu nyekundu za ngumi zitundike kwa kamba zake kwenye ukuta wa saruji uone zinavyotoka.

Kitu kinachoniuma zaidi ni filta. Dogo alitaka nifute michubuko ya pembeni, nikakataa. Mtu ananunua mtumba anajua ni mtumba, anachotaka kujua meno yamebaki urefu gani. Kwa hiyo nikaongeza picha moja ya soli kwa ubavu, karibu, kidole gumba cha dogo kimekaa pembeni ya jino lililolika kuliko yote ili mteja apime mwenyewe.