Aliyekopesha Ndiye Apokee Simu

Jumamosi nilikuwa Leicester, Uingereza, kwa shemeji yangu. Kabla chai haijamiminwa akaniwekea barua mezani. Mkopo wake wa nyumba umeuzwa tena, mara ya tatu tangu autie saini mwaka 2006.

Ana kabrasha la bluu lenye bahasha zote. Nyuma ya kila bahasha ameandika kwa kalamu tarehe, jina la aliyepokea simu na dakika alizosubiri. Moja inasema: "47, hawaoni makubaliano." Makubaliano hayo aliyafikia na kampuni iliyotangulia alipougua: alipe pungufu miezi sita, kisha afidie polepole. Mkopo ulipohamishwa, deni liliwafikia wapya likiwa kamili hadi peni ya mwisho. Makubaliano hayakufika. Wakamwandikia kama mtu anayekwepa kulipa, na tangu hapo anaogopa hodi ya tarishi.

Mimi msimamo wangu ni mmoja: aliyetoa fedha ndiye asimamie mkopo mpaka uishe, na wafanyakazi wake mwenyewe ndio wapokee simu. Anayebeba hasara ana sababu ya kukusikiliza mapema, ukiwa bado una nafuu. Aliyekodiwa kuusimamia, anayelipwa ada kwa kila faili, ana sababu ya kutaka simu iishe haraka. Na mfuko wa uwekezaji ulionunua deni kwa bei ya punguzo una hesabu zake, ambazo wewe humo.

Yaliyowapata wateja wa benki ya Northern Rock yanatosha kuwa ushahidi. Benki ilianguka, serikali ikaichukua mwaka 2008, na Novemba 2015 mikopo yake ya takriban pauni bilioni 13 ikauzwa kwa Cerberus, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Wengi walijikuta kwa wamiliki wasiotoa mikopo mipya, kwa hiyo hakuna wa kuwapa riba nafuu muda wa riba ya awali ulipoisha. Wakienda benki nyingine, wanaambiwa hawakidhi vigezo vya siku hizi. Mtu analipa kila mwezi bila kukosa riba kubwa, halafu anaambiwa hataweza kumudu riba ndogo! Mwaka 2021 mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, ilikadiria kwamba watu wa namna hiyo, wenye marejesho safi lakini wamenaswa, walikuwa 47,000. Kisha riba ya Benki Kuu ya Uingereza ikapanda kutoka asilimia 0.1 Desemba 2021 hadi 5.25 Agosti 2023. Naifikiria kila nyumba ya watu hao.

Denmark wana utaratibu mwingine, ulioanza mwaka 1797 baada ya moto kuteketeza sehemu kubwa ya Copenhagen. Benki ya rehani huuza hati fungani ili kupata fedha, lakini mkopo wenyewe unabaki kwenye vitabu vyake. Marejesho inayakusanya yenyewe, na mkopaji akishindwa, hasara ni ya benki hiyo. Fedha za wawekezaji zinapatikana bila mwenye nyumba kubadilishiwa mlango wa kugonga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mkopeshaji mdogo hawezi kujijengea mitambo yote ya kusimamia mikopo. Uholanzi wengi wanaipa kampuni ya Stater kazi hiyo. Basi akodi mitambo. Uamuzi wa kumpa mtu muda wa kupumua abaki nao mwenyewe.

Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2021 la kuwataka wasimamizi wa mikopo iliyokwama wawe na leseni. Ni hatua nzuri. Lakini leseni hairudishi makubaliano yaliyopotea, na Uingereza ilikwisha kujitoa. Ninachokitaka hapa ni sheria mbili: asiyeweza kumpa mkopaji riba mpya asiruhusiwe kununua mkopo wa nyumba, na kila ahadi iliyoandikwa imfunge mnunuzi kama deni linavyomfunga mkopaji.

Jumatatu shemeji aliwapigia hao wapya. Jioni akanitumia picha ya bahasha: dakika 52, na chini yake, "Wameomba nieleze upya tangu mwanzo."