Laptopu Haijafa, Inakoroma

Mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha, anakwenda kuoga, anarudi, anakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Basi, anatangaza msiba: "Hii laptopu imekufa." Imekufa nini? Hebu weka sikio ubavuni. Kru-kru-kru. Umeona wapi maiti inakoroma?

Anayekoroma ni diski. Mle ndani mna sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachohangaika juu yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Prosesa, ubongo wa mashine, imemaliza kazi yake kitambo, imekaa inamsubiri kuku. Toa hiyo, weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5. GB 240 zinatosha kwa barua, intaneti na picha za familia. Lakini ukisikia ka! ka! ka! ya mpigo mmoja, hapo kweli diski inaaga dunia. Nakili faili zako sasa hivi, kabla hata ya kutafuta bisibisi.

Sasa mwambie mtu hivyo uone. Hataki! Anataka RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa sababu RAM kila mtu kaisikia. Ananunua ya kizazi cha DDR4, anaipeleka kwenye tundu la kizazi kilichotangulia, DDR3, haiingii. Anasukuma. Jamani, ule mwanya wa chini umewekwa mahali tofauti makusudi, ili wewe usisukume! Na hata DDR3 zina ukoo: kuna ya volti 1.5 na kuna DDR3L ya volti 1.35, na mashine inayotaka L ukiipa nyingine inaweza kugoma kuwaka kabisa. Soma kibandiko cha ile ya zamani kabla ya kufungua pochi. Inaingia kwa mshazari, kisha unailaza mpaka vibanio vya pembeni vilie "ta". Isipolia, haijaingia, usijidanganye. Halafu kuna yule anayeongeza mpaka GB 8 juu ya Windows ya biti 32, ambayo haivuki 4, kisha anasema kaibiwa.

Tuje kwenye skrubu. Nani aliyewafundisha watengenezaji kuficha skrubu chini ya miguu ya mpira? Umefungua kumi, kava haliachii, unavuta, linalia kwaaa, kumbe ya kumi na moja imejibanza chini ya kibandiko. Na hazilingani! Ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi, inachungulia upande wa pili karibu na kibodi kama jino la mtoto. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu itoboe karatasi pale ilipotoka. Kabla ya hapo zima kabisa, siyo kuilaza usingizi. Chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 15. Waya bapa wa kibodi hauvutwi, una kilimi. Kiinue kwanza kwa kucha. Kikivunjika, utakuwa unabeba kibodi ya nje mpaka uzeeni.

SSD nayo ina unene wa milimita 7, diski za zamani nyingi 9.5, kwa hiyo itacheza kidogo kwenye nafasi yake. Hamishia ile fremu ya chuma, ongeza kipande cha plastiki. Siyo karatasi ya choo.

Ukiwa humo ndani, tazama feni. Lile siyo blanketi, ni vumbi. Lipulize, lakini shika mapanga kwa kidole yasizunguke ovyo. Na betri ikiwa imevimba, usiitoboe, usiibonyeze, itoe na isirudi.

Mfumo je? Windows 10 iliachwa yatima, yaani msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia Intel kizazi cha 8. Mashine ya 2013 ikisikia hivyo inacheka. Ipe Linux Mint, mfumo wa bure, toleo jepesi la Xfce: weka kisakinishi chake kwenye flashi ya GB 8, na kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa (ndiyo, hata zile picha). Ichomeke, kisha washa huku ukigonga F12, au Esc, au F2, au F9, ili mashine ianzie kwenye flashi; kila kampuni ina kitufe chake, sijui wanashindania nini.

Haya, imewaka haraka, kimya, hakuna kuku. Unafungua kivinjari: tovuti zote si salama! Hata ya benki! Unalaumu Linux, unalaumu mtandao, unalaumu jirani. Angalia saa pale pembeni. Laptopu inaamini leo ni tarehe 1 Januari 2009, na kwa hesabu yake vyeti vya tovuti zote havijaanza kutumika. Ni betri ya kidonge ya kutunza saa, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Na iko wapi? Chini ya kava. Lile la skrubu kumi na moja.